Foleni Getini

Kwako Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano mazito yaliyoshirikisha pande zote, nyumba hii inakutangazia rasmi kwamba kiti cha Baba cha barazani kimehamishwa kutoka kulia kwa mlango kwenda kushoto. Sherehe haikuwapo. Sababu ya uhamisho imelala pale kilipokuwa kiti, inakoroma.

Sasa salamu. Hujambo? Na huo mgongo umeacha ukorofi? Shemeji je? Wapwa zangu nasikia wanarefuka mpaka sare zinakataa, waambie wapunguze. Sisi huku wazima. Wifi yako yuko zamu za mchana hospitali, mimi bado nafufua friji za watu hapa uani, na Baba anakula vizuri, analala vizuri, na kila asubuhi anavaa kofia yake ya udereva aende kuendesha basi lililouzwa chuma chakavu miaka mingi iliyopita.

Hilo ndilo uliloniandikia. Ulisema tangu alipokutwa stendi ameshika usukani wa basi la watu, huna usingizi, na kwamba kama mwezi huu ukiisha hatujapata njia ya kumtuliza nyumbani, utakuja kumchukua akae kwako. Nimekusikia. Lakini kwanza nikupe habari za mbwa.

Mtu aliruka ukuta akaondoka na mota ya friji. Nikaamua tufuge mbwa, na si hawa wa kubwekea baiskeli. Nilitaka wa ile jamii ya walinzi wakubwa, kichwa kama ndoo, mabega kama ya mbeba magunia. Wifi yako akaniuliza kama ni akili zangu au ni joto. Akasema nyumba yenyewe vyumba vitatu, na je, dude hilo likimsukuma Baba akavunjika, mfupa wa mtu mzima nitauchomelea kwa gesi? Nikamjibu kwamba kazi yangu yote ni kujua kama kitu kikubwa kitaenea kwenye nyumba ndogo. Nikachukua futi kamba, nikapima mlango, korido na mahali pa kugeukia, vile ninavyopima kabla ya kupokea friji ya milango miwili. Nikajiona mtaalamu.

Mama mfugaji wa mbwa hao hakujali vipimo vyangu. Alikuja kukagua nyumba, akanihoji kama mimi ndiye ninayetafuta wa kunifuga: nani anashinda nyumbani, geti linafungwa, kuna mtu humu wa kupiga makelele? Akasema mbwa hawa hawafungwi mnyororo, wakifungwa wanaharibika akili. Wafundishwe mapema kwa upole, watembezwe, na wanakula. Alipofika kwenye "wanakula" akatazama pembeni kama mtu anayeleta habari za msiba. Akatuachia mbwa kwa majaribio.

Siku ya kwanza akaja mteja, mwenye duka la maziwa, mimi nimetoka kununua gesi. Mbwa akamnusa, akampisha kama mgeni rasmi. Mteja kuona sipo, akageuka aondoke, akakuta geti limeota manyoya. Mbwa hakubweka wala kuonyesha jino. Alijilaza tu pale, basi. Niliporudi nilimkuta mtu wa watu amekaa juu ya friji yake mwenyewe, miguu kaikunja. Akaniambia, fundi, huyu mbwa wako kafungwa kinyume. Mlinzi gani anakaribisha watu halafu anawakataza kutoka?

Mimi nilicheka. Wifi yako hakucheka. Akasema nyumba yetu ni ya kupokea wateja, na mteja aliyeshindwa kutoka harudi. Tukakubaliana kesho yake mbwa arudishwe.

Kesho yake natafuta kamba ya kumfungia, mara Baba huyo, kofia kichwani, anaelekea getini. Mbwa kalala. Baba akamwambia kwa adabu, sogea bwana mkubwa, abiria wananingoja. Mbwa akafumbua jicho moja. Baba akapiga honi kwa mdomo. Wifi yako akaacha chai akakimbia, akilini ameshamwona mzee yuko chini. Lakini mbwa hakuinuka hata kidogo. Alisogeza kichwa taratibu, akakilaza juu ya kiatu cha Baba. Baba akasimama, akatazama mbele kwa makini, kisha akatugeukia akatuomba tuwe watulivu, kuna foleni. Akakaa kwenye ngazi ya geti, mkono mgongoni mwa mbwa, akingoja barabara ifunguke, mpaka chai ikaiva.

Dada, sisi tukimzuia hulia. Hutuuliza ametukosea nini mpaka tumfungie kama mwizi. Mbwa akimzuia, ni foleni.

Wifi yako alinipokonya ile kamba, akaitundika ukutani. Hukumu ikawa hiyo.

Siku hizi wateja wanabonyeza kengele, nami nawasindikiza kutoka. Geti bado nalifunga na jicho langu bado liko kwa mzee. Mbwa si kufuli. Jioni nawatembeza wote wawili, na wote wanarudi hoi.

Sasa niseme ninalozunguka nalo tangu mwanzo wa barua. Baba haji kwako. Si kwamba hutaweza, utamtunza kunishinda. Ni mimi. Nikiwa uani nimezoea kumsikia barazani akiwapanga abiria wake, huyu asogee, yule ampishe mama mwenye mtoto. Siku mliyokaa naye hospitali kumpima, nilishika bisibisi mpaka jioni bila kufungua skrubu hata moja. Nimeona aibu kukwambia, kwa umri huu. Basi nimesema, na sibadilishi. Njoo ukae naye utakavyo. Kuingia ni rahisi.

Baba anakusalimu, anasema wewe hulipi nauli. Wifi yako anakukumbatia. Msalimie shemeji, na wapwa mmoja mmoja kwa urefu wao.

Mimi mdogo wako,
Fundi Baridi

N.B. Nimefungua bahasha tena. Mama mfugaji amepita kusikia majibu, nimemwambia hatumrudishi. Amefurahi. Anasema mbwa ana miezi saba, na jamii hii huendelea kukua mpaka miaka miwili.