Rimal Hatakimbia Tena

Ras Al Khor, Dubai
16 Februari 2025

Mpendwa Dada Agneta,

Pokea salamu zangu nyingi. Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji amepona kile kikohozi? Mimi naamka vizuri na kazini naenda, ila moyo si mwepesi.

Uliniuliza kama yule farasi ninayemtunza, Rimal, atashinda tena, maana watoto wako humtazama kwenye simu. Nimerudia shajara yangu ili nikujibu sawasawa. Tarehe 29 Novemba alishinda kwa urefu wa farasi wawili. Tarehe 20 Desemba alikuwa wa pili, akimaliza kwa nguvu. Tarehe 10 Januari alikuwa wa saba kati ya tisa. Zikibaki mita mia mbili, alilegea kama aliyekatwa kamba.

Watu walimlaumu mpanda farasi. Mimi nilinyamaza, na hapo ndipo lilipo kosa langu.

Hapa kila alfajiri mtunzaji hupitisha mkono kwenye miguu ya farasi wake. Mguu wenye afya huwa baridi; wenye joto umeumia. Kisha mkufunzi wetu, Bassam, hupita akiuliza, "Miguu?" nasi hujibu, "Baridi, sir." Limekuwa jibu la mdomo tu, kama sisi tunavyojibu "nzuri" hata tukiwa na homa. Tarehe 9 Januari niliandika: mguu wa mbele wa kushoto una joto kidogo. Bassam alipopita, nilijibu baridi. Nilidhani ni joto la bandeji.

Daktari amekuta kano imechanika. Rimal anahitaji mwaka mzima wa kupumzika. Bado anakula vizuri na kifua chake ni kizima, lakini atarudi akiwa na miaka saba, na kano iliyochanika haichelewi kuchanika tena.

Arbab, mwenye farasi, alitaka arudishwe msimu ujao. Bassam akaniuliza, "Wewe unamgusa kila siku. Ataweza?"

Nikamwambia hapana, kisha nikamsomea ile tarehe tisa.

"Ulijua siku moja kabla?"

"Ndiyo, sir."

"Ungesema, ningemtoa kwenye orodha." Akatazama chini. "Khalas, yamekwisha. Nenda ukamlishe."

Arbab amekubali. Jumamosi Rimal anapelekwa Al Ain, akae malishoni asikimbie tena. Hakuna aliyenifukuza. Lakini atakwenda na Severin, mtunzaji mwenzangu kutoka Moshi, na sikuwa na uso wa kuomba niende mimi. Waambie watoto polepole.

Nisalimie shemeji, Gibson na Metrine mdogo. Msalimie Mama pia. Kwenye simu ananiambia miguu yake haivimbi tena. Tafadhali Dada, usimuulize. Mguse mwenyewe, uniandikie ulichokuta.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ndugu yako akupendaye,
Jairus