Ndoto za Mieleka

Lavington, Nairobi
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kwa Mama yangu mpendwa,

Natumaini karatasi hii inakufikia ukiwa umeketi, na lile goti lako limekubali kutulia. Kifua cha Jackton kinaendeleaje? Na mvua je, imeshuka, ama bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wenyewe? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi nafanya na chakula nakula. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana leo umepata barua badala ya simu.

Simu yako inakaa na kaka Jackton, na akipokea huiweka sauti juu mpaka jirani anayechuma kunde anaitikia salamu. Haya ninayokuandikia si ya kusikiwa na shamba zima. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho unachokisoma vizuri, kwa ajili ya Biblia yako. Tafadhali isome ukiwa peke yako. Usimpe mzee Zedekiah wa kanisani akusomee, hata kama miwani imepotea tena.

Nataka kukueleza habari za Ba, yule mama mzee Mhindi ninayemtunza. Jina lake ni Jashoda, lakini kwa lugha yao Ba ni mama, na nyumba nzima tunamwita hivyo. Ana miaka sabini na tisa. Mume wake marehemu, Chunilal, alimwachia nyumba hii na mtoto mmoja, Mihir, ambaye ana duka la pampu za maji kule River Road. Hayo nilishakuambia. Ambalo sikukuambia, kwa sababu ungenikemea, ni kitu kinachotuunganisha mimi na yeye. Ni mieleka, Mama. Ile ya Wamarekani, ya wanaume waliojipaka mafuta wanaorushana ulingoni. Ba ni mtu wa sala, hali nyama wala yai, hata mende hataki auawe akiona, lakini Jumanne saa moja jioni anavuta kiti mpaka karibu na televisheni na kuomba mtu avunjwe mgongo. Mihir humwambia kwamba ni maigizo tu. Ba alimjibu siku moja kwamba hata harusi yake Mihir ilifanyiwa mazoezi siku mbili, mbona yeye hakuiita maigizo.

Tunayemshangilia sisi ni mzee mmoja wa ndevu nyeupe anayeingia amevaa aproni ya ngozi, nyundo begani. Ana jina refu la Kizungu. Sisi tunamwita Fundi. Mwaka huu amepigana mapambano ambayo sitayasahau maisha yangu yote, na nikikusimulia hayo ndipo utaelewa jinsi nilivyofika mahali nilipo.

La kwanza lilikuwa Januari, Fundi na jitu moja tunaloliita Bucha, ndani ya kizimba cha chuma. Bucha alimbamiza kwenye wavu mpaka damu ikamtoka kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa napiga kelele kama mwendawazimu. Nilipogeuka nikamwona Ba amesimama, mkono kifuani, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilimwekea kidonge chake cha moyo chini ya ulimi, nikamshikilia mpaka pumzi ikarudi, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama Fundi ameinuka. Alikuwa ameinuka, na alishinda. Pambano lile nalipenda hata leo, lakini tangu siku hiyo sijawahi kutazama mieleka bila kugeuka kumwangalia Ba.

Daktari wake anaitwa Ravneet, mama mmoja mpole asiyependa kupoteza maneno. Alisema mlango mmoja wa moyo wa Ba umechakaa, haufungi sawasawa, na mshtuko wowote ni hatari. Basi Mihir akaifunga televisheni. Ba naye akafunga mdomo, siku mbili maji matupu. Siku ya tatu Mihir akaifungua, akaniita kando, akaniambia kwamba kama ni lazima mama yake atazame, basi ni mimi nitakayehakikisha hashtuki. Akaingia kwenye gari akaenda dukani. Sasa niambie, mtu anauzuiaje moyo wa mwenzake usishtuke?

Nilipata njia. Wale hupigana usiku wa kwao, na kwetu inakuwa alfajiri ya Jumanne, halafu sisi tunaonyeshwa jioni. Kwa hiyo kila Jumanne asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, nilifungua simu nikasoma nani kashinda. Mwanzoni nilitaka tu kujua ni siku gani kidonge kiwe mfukoni. Lakini mwezi wa tatu nikasoma kwamba Fundi amepokonywa mshipi wake wa ubingwa na kijana tunayemwita Mtoto wa Tajiri, tena kwa wizi, wakili wa kijana akimshika Fundi mguu chini ya kamba. Nikajua Ba hawezi kulibeba hilo. Na kumwambia kwamba nimesoma matokeo sikuthubutu, kwa maana mgeni mmoja aliwahi kumtobolea siri ya mshindi na Ba hakumpa hata chai. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Ba, nimeota vibaya, nimemwona Fundi amelala chini.

Ba aligeuza kiti chake kunielekea. Akaniuliza kama mimi huota. Nikamwambia kwamba mama yangu ndiye mwotaji wa kanisa letu la Roho huko nyumbani, kwamba watu hutoka mbali kuja kumsikiliza, na mimi nimetoka tumboni mwake. Nisamehe, Mama. Nilikutaja ili nisishukiwe. Jioni Fundi akaanguka vilevile nilivyosema, na Ba akatazama mpaka mwisho, mkono wake mkononi mwangu, kisha akala chapati mbili. Nikajiambia kwamba uongo unaomfanya mgonjwa ale hauwezi kuwa mbaya sana.

Baada ya hapo niliota kila Jumanne. Aprili, kwenye lile onyesho kubwa la mwaka, nilimwambia nimeona mshipi umerudi kwa Fundi. Walimpiga yule mzee karibu nusu saa kama watu wanaopura maharagwe, na Ba ametulia anamenya njegere, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wacha wao piga. Peres naona yeye shinda." Na kweli alishinda, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Katika mapambano yote ya mwaka huu hilo ndilo ninalolipenda zaidi, na si kwa ajili ya Fundi. Ni kwa ajili ya vidole vya Ba, ambavyo havikutetemeka hata mara moja.

Juni nilipata onyo na sikulisikia. Lilikuwa pambano la watu sita, mshipi umetundikwa juu na ngazi ziko chini. Asubuhi ile bando la simu lilikuwa limekwisha, na Muigai, askari wa geti, naye hakuwa nalo. Ba akaniuliza nimeota nini. Nikabahatisha tu, nikasema Fundi, mzee mmoja kati ya vijana watano. Akashinda. Kudanganya huku unajua ukweli ni jambo moja. Kutupa neno gizani halafu likawa, hilo liliniogopesha kuliko kukamatwa.

Na Ba hakunyamaza. Aliwaambia wenzake wa hekaluni, wakaja watatu Alhamisi moja, wakakaa sebuleni, na mmoja akataka nimwotee kuhusu viza ya mjukuu wake. Nilisema ndoto haziji kwa kuitwa. Wakatikisa vichwa na kuona kwamba mtu wa kweli ndivyo anavyosema.

Mwezi wa nane Fundi akapigana mara ya mwisho. Nilimtayarisha Ba siku nzima, nikamwambia nimemwona akishindwa na akiondoka vizuri. Ikawa hivyo. Alishindwa, akaiweka nyundo katikati ya ulingo, akatoka akitembea polepole. Ba alilia kwa adabu, akajifuta, akaniambia kwamba sasa limebaki pambano moja tu, lake yeye.

Daktari Ravneet alikuwa amewaambia Ba na Mihir wiki hiyohiyo. Ule mlango wa moyo lazima ubadilishwe. Kwa umri wake anaweza asitoke chumba cha upasuaji, lakini usipobadilishwa hataiona Diwali, sikukuu yao ya taa, nayo ni mwezi ujao. Ba alikataa kutia sahihi. Alimwambia daktari, mbele ya Mihir, kwamba atatia sahihi siku Peres atakapoota.

Alhamisi iliyopita Mihir akaja jikoni. Miaka minne niko hapa, sijawahi kumwona akikaa jikoni. Alikalia kile kigoda changu cha kuchagulia mchele, tai shingoni, akaniambia kwamba yeye haamini mambo ya ndoto lakini ananiomba, kama dada yake, nimwambie mama yake nimeota vizuri. Alikuwa akiniomba uongo, Mama, na hajui kwamba sijawahi kumpa mama yake kitu kingine. Nikamwambia sawa. Niliona ni kazi rahisi, mara moja tu zaidi.

Jumamosi mchana, baada ya kupiga pasi, nikajilaza kidogo. Nikaota.

Si kwa simu, Mama. Niliota kweli. Nilimwona Ba amelala ulingoni na sari yake nyeupe ya ujane, viatu ameviacha nje ya kamba, vimepangwa sawasawa. Hapakuwa na mpinzani wala mtazamaji. Refa alikuwa amepiga magoti, anapiga sakafu kwa kiganja anahesabu, na ikifika tatu mabega bado yako chini, mtu ameshindwa. Moja. Nilitaka kumwambia ainue bega, hata bega moja linatosha, ila sauti haikutoka. Mbili. Alikuwa macho, ananitazama mimi, anangoja nimwambie. Tatu.

Wewe ulitufundisha kwamba ndoto tupu hupotea ukinawa uso, lakini iliyotumwa humwacha mtu na baridi miguuni. Niliamka saa tisa, jua linawaka dirishani, na miguu yangu ilikuwa baridi kama nimetoka mtoni. Nimenawa uso mara nne. Bado naiona.

Jioni Ba akaniita. Nilipiga magoti kando ya kiti chake, nikamwambia nimeota ameshinda. Akaniuliza kwa hesabu ya ngapi. Nikasema ya tatu. Akanishika shavu, akaomba kalamu yake mwenyewe, akatia sahihi mbele ya Mihir. Mihir akanishukuru kwa macho, nami nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa ndipo naogopa, Mama. Naogopa vibaya. Upasuaji ni kesho saa mbili asubuhi, na wanasema utachukua saa tano. Ningemwambia nilichokiona angekataa kwenda, na Diwali ingemkuta amekufa. Sikumwambia, na kesho atalala mezani akiwa na amani niliyompa mimi. Jana kanisani pale Dagoretti Corner walipoita wenye mizigo wasimame, nilibaki nimekaa, nimeshika benchi kwa mikono miwili. Ningeomba nini? Nimekichezea kipawa chako mwaka mzima kwa ajili ya wanaume waliojipaka mafuta, na ilipofika mara ya kweli nimekigeuza.

Kuna jambo sijawahi kukuuliza. Baba alipoangukiwa na ukuta wa machimbo, ulisema kwamba usiku wa kuamkia siku ile uliota mawe yakimfunika. Kanisa lilianza kukuita mwotaji kuanzia hapo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, Mama, na nilikuwepo asubuhi ile. Ulimfungia Baba viazi vitamu kwenye kitambaa, ukamtania kuhusu shati lake lililopasuka, na mkacheka wote wawili mpaka akatoka getini. Habari za ndoto nilizisikia mara ya kwanza kwenye matanga.

Nimekaa na jambo hilo miaka kumi na tisa na nilikuwa naliogopa, kwa sababu lilinifanya nione kama mama yangu ni mwongo. Leo ndilo tumaini langu lote. Kama habari ilikufikia kwanza ndipo ukaota, kama mimi na simu yangu, tafadhali niambie. Sitakudharau hata kidogo. Nitajua kwamba katika damu yetu hakuna kitu, kwamba baridi ya miguu ni baridi tu, na Ba atalala pale mezani kama mgonjwa mwingine yeyote mwenye bahati yake.

Obuya wa kwetu kijijini, anayesafiri na basi la leo, atakukabidhi barua hii mkononi kesho kama saa nne. Wakati huo Ba atakuwa bado ndani, na mimi nitakuwa kwenye korido ya hospitali na Mihir. Ukimaliza kusoma, chukua simu kwa Jackton, nipigie. Usiniombee kwenye simu, usinifariji. Sema tu, "Nilisikia kwanza," kisha ukate.

Na kama uliota kweli, Mama, usinipigie.

Nisalimie Jackton, mke wake na watoto, na uwaambie sweta zinakuja Desemba. Jifunike miguu, baridi ya huko naijua. Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao,
Peres