Jina Nililolikata Kwenye Orodha Yako

Moshono,
Arusha.
14 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Nashilu,

Marahaba, mama. Kabla sijakuuliza hali, nitangulize hili nisije nikaishiwa ujasiri njiani: katika majina ya Kirusi niliyokuchagulia kwa ajili ya riwaya yako, moja nilikudanganya. Na nyuma ya jina hilo kuna uongo mwingine, nilioubeba kwa miaka hamsini na mitatu.

Hamjambo huko Kigoma? Mumeo Elinaza amepona mguu? Na Diana bado anagombana na hesabu? Hapa mvua zimeanza, leo ni siku ya nne hatujauona mlima. Mimi moyo umechoka. Daktari alimwambia mkwe wangu Joyce maneno ambayo hajanifikishia, ila tangu siku hiyo ananipikia loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, kila ninapotaka, wala hanikemei. Nimetibu ng'ombe miaka thelathini. Najua maana ya mgonjwa kuachiwa ale anachopenda.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa huruma zako, nami ningefurahi kunyamaza.

Tuanze na majina, maana ndiyo uliyoniomba. Uliandika kwamba wahusika wako ni Warusi lakini wasomaji wako ni watu wa Kigoma, Tanga na Maji ya Chai, ukataka majina yasiyowakwaza. Kazi hiyo imenifaa kuliko dawa zote za mwaka huu. Niliorodhesha majina arobaini, nikayachanganya na yale uliyoniletea, kisha nikawapa Joyce na rafiki yangu Lesian wayasome kwa sauti, mmoja akichambua maharage, mwingine akimaliza chai yetu. Lesian alipomfikia Vsevolod alivua miwani.

"Ephraimu, huyu ni mtu au dawa ya kupe?"

Joyce naye alipambana na Mstislav mpaka akaweka ungo chini. "Baba, hapa nitapumulia wapi?"

Wote wawili nikawafuta. Waliobaki ni wale wanaotamkika kana kwamba walizaliwa Usa River: Vera, Nina, Tamara, Zoya, Misha, Boris. Yule shangazi mkorofi wa sura ya pili mwite Zoya, ni jina linaloitika vizuri likipigiwa kelele dirishani. Mlevi mwenye moyo mwema awe Misha. Jambo jingine: Mrusi mmoja ana majina mengi. Nyumbani ni Sasha, kazini ni Aleksandr, tena pamoja na jina la baba yake. Wewe mpe kila mtu jina moja akae nalo hadi mwisho, la sivyo msomaji atadhani wameingia watu watatu, atamtafuta wa pili asimwone.

Kwa mke wa mhusika wako mkuu, ulipendekeza mwenyewe Galina. Nikakujibu kwamba ni zito kwa ulimi wetu, nikalikata kwa kalamu, nikaandika Vera. Siku ile ya maharage Joyce alilisoma hivyo hivyo, chini ya mstari wangu.

"Galina. Mbona hili ni jepesi kuliko yote, Baba? Umelikatia nini?"

Nikajifanya nakohoa.

Galina ni jina la mke wangu wa kwanza. Hukuweza kulijua, kwa sababu kwa watu wa nyumbani nililitaja mara moja tu, katika barua niliyomwandikia baba yangu kutoka huko. Mengine unayajua kama ukoo mzima unavyoyajua: kwamba nilikwenda Urusi kusomea mifugo, nikaoa katika mji wa Voronezh, mke akafa kwa homa ya mapafu, nikarudi peke yangu mwaka 1972. Juu ya hayo ndipo ulipojenga riwaya yako.

Siku niliyofika bomani kwetu, upande wa magharibi wa Meru, baba aliniuliza mke wangu yuko wapi. Nikamwambia amekufa. Baba alikuwa ameshaniandikia kwamba mwanamke mgeni hatapita lango lake, na kwamba kuna binti wa rafiki yake ananingoja. Lakini aliposikia habari ya kifo, ukali wote ulimtoka. Akaniwekea mkono begani akasema, "Basi. Tangu leo asitajwe."

Wazee wetu, kama ulivyosikia, walikuwa hawataji jina la marehemu, kwa heshima yake na kwa kumhurumia aliyebaki. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza tena. Hawakuuliza alikuwa nani, alizikwa wapi, aliugua siku ngapi. Mama yangu alikuwa akiwanyamazisha wageni kwa macho tu. Walinifunika kwa heshima, nami nikaivaa kama blanketi.

Aliyeniumiza zaidi ni marehemu bibi yako Naserian. Kila Pasaka, katika sala yetu ya nyumbani, alimshukuru Mungu kwa ajili ya "mke mkubwa aliyemtunza mume wangu ugenini." Miaka arobaini na mitano niliitikia amina kando yake.

Sasa umeniletea sura ya tisa. Vera anakufa hospitalini, mumewe amemshika mkono mpaka unapoa. Umeiandika vizuri mno. Joyce alinikuta nalia, akasema mtoto huyu ana kipaji. Mchapishaji anataka mswada mwisho wa mwezi, na kwenye ukurasa wa mwanzo umemtunukia kitabu babu yako, "aliyetufundisha uaminifu." Nashilu, siwezi kuzikwa kwa jina hilo. Ukurasa ule uuondoe. Sura ya tisa ni yako. Usiibakize kwa ajili yangu, wala usiivunje kwa ajili yangu. Ila ukiweza, mrudishie yule mwanamke jina lake.

Msalimie Elinaza, umbusu Diana, na ukimpata kaka yako Frederick mwambie shamba la chini lisiuzwe. Joyce anakusalimu. Hajui ninaandika nini, akikuuliza, usimfiche. Mungu akupe mkono usiotetemeka mbele ya ukweli, akuzeeshe bila siri. Salamu nimezimaliza mapema kwa sababu nikishaandika yanayofuata sitakuwa na la kuongeza.

Galina hakufa. Asubuhi niliyoondoka Voronezh alinisindikiza stesheni akiwa mzima wa afya, amenifungia mayai na mkate wa safari, akiamini nitamwita kabla ya majira ya baridi. Treni ilipoanza kwenda alitembea nayo sambamba, kiganja kwenye kioo, nami nikampungia. Anwani niliyomwachia kwenye karatasi haikuwa ya kwetu. Nilikuwa nimeshaamua, wiki nzima kabla ya siku hiyo, kwamba nikifika nyumbani nitasema amekufa.

Babu yako anayekupenda,
Ephraimu Parsimei