Waya Nne Nilizozichomoa Mimi

Mzee Kambale,

Nashindwa kukusalimia vizuri, unisamehe. Tangu wale askari walipokimbia, uwanja wa ndege wa Kasese ukarudi kwa raia, mara tatu nimekuandikia na mara tatu nimechana karatasi. Leo sichani, hata nikilia.

Ile ndege yetu kuukuu ipo bado. Imetobolewa risasi ubavuni na kuku wanataga kwenye kiti cha rubani, lakini injini haijafa. Wiki iliyopita nimeibadilishia waya zote za plagi. Nimefanya ulivyonifundisha, toa moja, rudisha moja, ndipo uguse nyingine, maana kila waya ina plagi yake na zikichanganyika umekwisha. Ulikuwa ukinichapa vidole kwa koleo nikijaribu kutoa mbili. Nilikuchukia, Mzee. Mtu mzima nina mke wangu, halafu napigwa vidole kama mtoto wa shule.

Ndiyo maana siku ile, ulipokwenda Muhokya kutafuta petroli safi, nilizichomoa zote nne kwa mpigo. Askari walioifanya ndege yetu kuwa yao waliitaka kabla ya saa sita, na mimi nilitaka urudi ukute nimemaliza, nikukomeshe. Nilizirudisha kwa kubahatisha, mbili zikapishana. Ulipofika, koplo mmoja alikuwa ameshaanza kuzungusha propela kwa mkono. Hukupata hata nafasi ya kuchungulia.

Injini ilishika kinyume. Propela ikarudi nyuma ikamvunja koplo mkono, mfupa ukachomoza nje ya shati. Wenzake wakasema tumefanya makusudi. Mkubwa wao akauliza, "Nani alifunga hizi waya?"

Uliniangalia mara moja tu. Ulijua. Ukasema, "Ni mimi, afande. Huyu hajui kitu, iko wa kuosha mafuta tu."

Nami nikanyamaza. Ee Mungu wangu, nikanyamaza. Walikupiga kwa vitako vya bunduki mpaka meno yakadondoka kwenye changarawe, wakakuburuta kwa miguu nyuma ya ghala, nikasikia risasi mbili. Nilikuwa nimeshika kitambaa, nafuta bawa ambalo lilikuwa safi. Mwili wako walikwenda nao, hatujui walikoutupa.

Miaka yote hii Kasese wanasema Kambale alijiua kwa uzembe, mzee mikono ilimlegea. Wakisema hivyo mbele yangu naitikia kwa kichwa. Sanduku lako la vifaa nimelirithi mimi, na watu wananiita fundi.

Jana nilikuja Bwera kwa mkeo. Mama Biira alikuwa anatwanga muhogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipiga mchi begani, akanipiga mgongoni, na nilipoanguka akaendelea. Sikujikinga. Naandika kwa mkono wa kushoto, usiucheke mwandiko. Alipochoka aliketi chini kando yangu, akaniuliza kama uliteseka sana. Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia ndiyo.

Akalia, akajipangusa, akasema kilio chake hakitoshi. Niliyomwambia yeye nikawaambie watu wote leo baada ya misa, mlangoni pa kanisa, kwa kuwa hukuachiwa hata kaburi, umebaki na jina tu na hilo nimelichafua.

Wadogo zako wameshafika. Nawaona kutoka hapa nilipokaa kanisani, wamesimama ukutani na mapanga yao, hawajaingia ndani. Mke wangu amenisihi nipande lori nirudi Kilembe. Nimemkatalia, ingawa ninaogopa, Mzee, ninaogopa sana.

Padri amemaliza, watu wanaanza kutoka. Kwaheri, Mzee wangu, upumzike popote walipokulaza. Nakuahidi sitawaambia kwamba waya zilipishana, kana kwamba zilijifunga zenyewe. Nitawaambia nilizifunga mimi, na ulipokuwa unauawa kwa ajili yangu, nilikuwa nafuta bawa.