Mama Hakuwa Mlangoni

Bunia, tarehe 14 Agosti 1988

Kwako Geneviève, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Nakusalimu kwa mkono uleule uliokufundisha kuandika jina lako mchangani. U hali gani? Na yale magoti yaliyokataa kupanda mlima wa misheni mwaka jana, yamekubali sasa? Natumaini ziwa limetoa samaki na mihogo haikuoza kwa mvua. Ukiniuliza habari zangu, muganga wa hospitali alinisikiliza kifua juma lililopita, akakunja chombo chake, akaniuliza kama nina ndugu walio karibu. Nilifundisha miaka ishirini, Geneviève. Nalijua swali la mtu asiyetaka kutoa jibu.

Barua yako ilinifikia Jumatano kwa mkono wa dereva wa kamio, lile lori la mizigo. Umesema watu wa mchumba wa binti yako Angélique wamekuja, kwamba wazee wao wanataka kumwona baba wa msichana, na kwamba mwanao Rémy ameamua kuvuka mpaka kwenda Kampala kumtafuta Anselme, baba yake, kabla mwezi haujaisha. Unaniomba nimpe baraka, na jina la mtu yeyote ninayemjua huko. Mimi nakuomba jambo moja: mzuie. Kama ameshafunga mzigo, ukalie huo mzigo mpaka umalize kusoma. Soma peke yako kwanza, kisha mpe naye asome.

Lazima nianze na kazi yangu, kwa maana sikuwahi kukueleza vizuri. Huko nyumbani mlisikia tu kwamba kaka yenu ni mkubwa katika nyumba fulani ya Bunia, mkadhani ni ofisi, nami nikawaacha mdhani hivyo.

Mwaka 1971, mshahara wa ualimu ulipokaa miezi saba bila kuonekana, niliacha chaki Djugu nikashuka Bunia. Niliomba kazi kwenye maduka, kwenye ghala la kahawa, kwa mafundi wa magari. Kila mahali walizitazama mvi zangu kabla ya kutazama diploma. Mwishowe nikasikia kwamba Mgiriki mmoja mwenye nyumba ya dansi anatafuta mlinzi. Nilimkuta mlangoni Kamate, kijana mnene kama kabati, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, muzee, hapa tunatafuta mikono, hatutafuti katekisimu. Nikamwomba Mgiriki anijaribu Jumapili moja tu.

Jumapili mchana ilikuwa siku ya matine, vijana wanacheza toka saa nane mpaka jua kuzama. Siku hiyo wawili walikamatana kola kwa ajili ya msichana, Kamate akaanza kukunja mikono ya shati. Nilipita mbele yake. Mmoja wao nilikuwa nimemfundisha shuleni kule Bule. Nikamwita kwa jina lake na la baba yake, nikamwuliza kama sasa anaijua hesabu ya saba mara nane. Aliiachia ile kola, akaweka mikono nyuma ya mgongo kama darasani, akasema hamsini na sita. Watu walicheka hata wapiga muziki wakasimama. Mgiriki alinivalisha kofia ya kazi saa ileile.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi nikiwa na miaka arobaini na tisa, na niliipenda kuliko nilivyoupenda ualimu. Nilijifunza kutazama mikono ya mtu, si uso wake. Nilijifunza kusimama upande, nisimzibe. Niliwafundisha Kamate na mwenzake Mumbere kanuni ambayo baadaye walinzi wa nyumba nyingine walikuja kuisikia: mtu mwenye hasira umwachie njia moja ya kutoka, kwa maana ukimfungia zote atatoka kupitia kwako. Mumbere aliniita profesa, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa kweli.

Lakini sifa yangu kubwa ilitoka kwenye ujanja mmoja. Unaijua desturi yetu. Mume hali wala hanywi mbele ya mama mkwe wake, na akimwona njiani huingia majanini mpaka apite. Basi mlevi akitusumbua, sikumgusa. Nilimwendea polepole, nikamwinamia sikioni kwa huruma, nikamwambia, ndugu yangu, bokilo wako iko mulangoni, mama wa bibi yako mwenyewe, anauliza kama uko hapa. Mtu aliyekuwa tayari kupigana na watu wanne aliweka chupa chini, akapangusa mdomo, akatoroka kwa mlango wa nyuma kimya kabisa. Kesho yake akigundua kwamba ni uongo, aliona aibu kusema. Tulicheka sana. Kamate alisema mama wakwe wa Ituri wangepaswa kulipwa mshahara na nyumba yetu.

Mgiriki aliondoka wakati biashara za wageni zilipopewa wananchi, na nyumba ikamwangukia Laurent, mtu wa abakosti nzuri, ile suti isiyovaliwa na tai, na subira fupi. Mwaka 1976 alijenga nyuma chumba cha michezo, chenye meza ya karata na gurudumu la bahati, kwa ajili ya wanunuzi wa dhahabu na wakubwa wa mji. Akaniambia kwamba siku ya ufunguzi ikipita bila aibu, mimi nitakuwa mkuu wa walinzi wa nyumba yote. Ikipita na aibu, nirudi kwenye chaki. Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Nilijua hakuna chaki inayonisubiri.

Nilijiandaa kama kwa mtihani. Watu walikuwa wakiingia bila tikiti kwa kuruka ukuta wa uani, kwa hiyo nilivunja chupa za bia, nikapanda vipande vyake juu ya ukuta kwa saruji, kwa mikono yangu mwenyewe, Jumamosi tatu. Na siku ya ufunguzi, Jumapili, niliufunga mlango wa nyuma, ufunguo nikautia mfukoni. Nilivunja kanuni yangu mwenyewe na sikuliona hilo. Nilikuwa nawaza wanaoingia. Sikumwaza hata mmoja anayetoka.

Siku hiyo Anselme alikuwa Bunia.

Alikuwa amekuja kuuza samaki wa chumvi, unakumbuka, ile safari aliyosema itakuwa ya siku tano. Alifika mlangoni kwetu saa tisa mchana, shati safi, akanisalimu kwa heshima yote ya shemeji, akaomba aone hilo gurudumu wanalolisema watu. Ningeweza kumkataza. Nilitaka anione. Nilitaka arudi nyumbani Mahagi aseme, nimemwona kaka yako, wakubwa wanamsalimia kwa mkono. Nikamwingiza bila tikiti.

Baada ya saa mbili nilisikia sauti yake. Alikuwa amesimama mezani, amekunywa, anasema mbele ya wote kwamba gurudumu lile linasukumwa kwa goti chini ya meza. Na alisema kweli, Geneviève. Mimi nililijua hilo goti. Mnunuzi mmoja wa dhahabu akamwambia arudi ziwani akahesabu samaki, Anselme akamjibu kwamba samaki anaoza kuanzia kichwa na hapa vichwa vimejaa. Watu wengine wakacheka. Laurent hakucheka. Alinitazama mimi.

Kamate alikuwa tayari. Lakini ningewezaje kumwacha amburute mume wa dada yangu mbele ya mji mzima? Nilimwendea polepole. Nikamwinamia sikioni. Nikamwambia, Anselme, mama iko mulangoni.

Nilimtaja mama yetu. Mama ambaye saa ile alikuwa Mahagi, pengine anachambua maharage kwenye baraza yako.

Hakuniuliza amefikaje Bunia. Ulevi wote ulimtoka usoni. Alifunga vifungo vya shati mpaka juu, akapangusa mdomo kwa kiganja, akaniambia kwa sauti ndogo, shemeji, asinione hivi, nakuomba. Akaelekea uani. Ndipo nikaukumbuka ufunguo. Nilikuwa na hatua kumi na tano za kumfikia. Lakini Laurent alikuwa amekwisha kunishika mkono, ananipeleka mbele ya wageni, anawaambia, mumeona namna ya profesa wangu, hapigi mutu, anasema neno moja tu. Nilisikia makreti ya chupa yakianguka uani. Nikaendelea kupokea mikono ya watu.

Nilipokwenda kutazama, jua lilikuwa limezama. Damu ilikuwa juu ya ukuta, si nyingi. Nikajiambia kwamba amejikwaruza, kwamba kesho atanitukana na tutacheka kama na wengine. Nikachukua maji nikaosha.

Siku ya kumi Katsuva alinijia. Alikuwa dereva, rafiki yake Anselme wa zamani, anakaa Marabo, kijiji cha mbele ya Bunia. Alisema Anselme yuko kwake tangu Jumapili ile, paja limepasuka kwa chupa na limevimba, na hataki kabisa kurudishwa Bunia hospitali. Alikuwa akisema, mama mukwe wangu iko Bunia, asinikute na hali hii. Walimfunga majani ya dawa. Nilipofika Marabo taya lilikuwa limeanza kukaza. Muuguzi wa pale alinitoa nje akaniambia neno moja, pepopunda, akatazama chini.

Niliketi kando ya kitanda. Bado aliweza kusema kidogo kwa meno yaliyofungana. Hakuniuliza juu ya mlango. Aliniuliza, mama amerudi?

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Mtu mmoja tu ndiye angesikia. Nikamjibu, amerudi Mahagi, na hakukuona. Akafumba macho. Alikufa siku ya pili asubuhi, nami nimeishi miaka kumi na miwili nikijiuliza kama jibu lile lilikuwa huruma au lilikuwa kazi yangu tu, ile niliyokuwa nimeizoea.

Tulimzika nyuma ya kikanisa cha Marabo. Nilimwambia Katsuva kwamba nitawapasha habari watu wa Mahagi mwenyewe. Alinisadiki, kwa kuwa nilikuwa nimevaa kofia mpya ya mkuu wa walinzi.

Niliandika kwanza barua ya kweli. Niliandika tatu, nikazichana. Mama alikuwa hai. Ningemwambiaje kwamba nilimtumia kama fimbo, na kwamba mkwe wake alikufa kwa kumheshimu? Kisha ikaja barua yako, ukiuliza kama nimemwona Anselme, na kwamba ukinyamaziwa utapanda kamio uje. Ungekuja, ungeuliza mjini, mtu angekwambia. Usiku huo nilikaa langoni nikaandika, kwa jina la Anselme, ile barua unayoitunza kwenye sanduku lako. Ile isemayo, nimevuka, nimepata maisha mengine Kampala, usinitafute, nisalimie mama. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, nikampa mchuuzi aliyekuwa akienda Arua, ng'ambo ya mpaka, aitume kwako kutoka huko. Kama unadhani ugonjwa unanichanganya akili, itoe sanduku, geuza karatasi. Utaona nyuma mistari miwili myekundu, safu ya majina na safu ya saa. Ni karatasi ya daftari langu la mlangoni.

Anselme hakukuacha. Hakuwa na mwanamke Kampala. Wanawake waliokuimbia kisimani kwamba ulishindwa kufunga mume, waliimba wimbo nilioutunga mimi. Mama alikufa mwaka 1981 akisema mkwe aliyempenda kuliko wote aliondoka bila kumuaga. Nilikuwa nimeshika mkono wake aliposema hivyo.

Kazi iliendelea vizuri. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Walinitafuta wenye nyumba za dansi mpaka Kisangani niwafundishe walinzi wao. Nilijenga nyumba, nililipa shule ya Rémy na Angélique, na kila mwaka uliniandikia kwamba mimi ndimi baba wa watoto wako. Barua hizo nilizisoma nimesimama. Ule ujanja wa bokilo sikuutumia tena, na Kamate hakuniuliza kwa nini, nadhani alijua. Siku hizi nimelala mchana kutwa, lakini situlii. Naamka mara nne, mara tano kwenda kupapasa mlango wangu wa nyuma. Fundi aliking'oa kitasa miaka mingi iliyopita, hakuna cha kufungwa pale, nami naupapasa tu. Mumbere anayenilea ananirudisha kitandani akiniambia, profesa, wageni wote wamekwisha kutoka. Namwambia bado mmoja.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ungelazimika kujibu haraka, na muganga hakunipa muda wa kukulazimisha. Naomba haya tu. Rémy asivuke mpaka. Baba yake hayuko ng'ambo. Wazee wa mchumba waambiwe kwamba baba wa Angélique amekufa, na kwamba alikufa mtu wa heshima. Na matanga yake yakaliwe kama inavyopasa, na wewe ulie kilio cha mjane ambacho nilikunyima.

Najua utapanda kamio mara moja, ndivyo ulivyo. Likifika Bunia, usishuke. Mumbere atakuwa kituoni, atakupa chakula kupitia dirishani, lakini wewe kaa mahali pako uendelee mpaka Marabo. Uliza nyumba ya Régine, mjane wa Katsuva. Yeye ndiye anayefagia kaburi, na mpaka leo anadhani mlikataa kuja. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Lia hapo siku zote utakazotaka. Kisha, kama miguu itakubali, rudi Bunia. Ukinikuta hai tutasemezana. Ukinikuta nimekwenda, si neno, ndivyo foleni inavyokwenda. Anselme alifika kabla yangu, na amengoja zaidi.

Nisalimie Angélique, mwambie mjomba wake anafurahi kwa ajili yake. Nisalimie Rémy, na usimzuie kunichukia. Salamu kwa majirani wa kando ya ziwa, na kwa wanawake wa kisimani, ambao sasa unacho cha kuwajibu. Mungu akupe nguvu za njia.

Mlango wa nyuma uko wazi, usiku na mchana.

Mimi kaka yako,
Jérôme