Januari ya Eivind

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimeambiwa niache kusema uongo. Mwanamke wa ofisi ya kulinda wateja kanipigia simu nikiwa nafunga jibini. Sauti tamu, ya mtu aliyelala vizuri. Kuna mtu amelalamika kuhusu lebo yangu. Lebo inasema: jibini ya kahawia ya mbuzi, imepikwa kwa umeme wa maporomoko yetu wenyewe. Anasema mbuzi hawana shida. Shida ni maporomoko.

Nikacheka. Maporomoko yako nyuma ya banda, nikamwambia, nayasikia hapa nilipo! Nikaipeleka simu dirishani ayasikie na yeye. Akasema ameyasikia, ni mazuri sana, lakini haki ya kuyasema nimekwisha kuiuza.

Nimeiuza! Lini? Kwa nani?

Nimemkatia simu. Kisha nikasimama tu pale na karatasi ya jibini mkononi.

Jumanne, 7 Januari

Torgeir kaja kunywa kahawa, nikamuuliza. Ni shemeji yangu, mdogo wake Eivind mume wangu, anakaa ng'ambo ya daraja. Mtambo wa umeme ni mali yao wawili. Watu siku hizi husema ni wangu na Torgeir. Mimi nasema ni wao wawili.

"Hukujua?" akasema, mdomo umejaa mkate. "Kaka hakukwambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia nikiwa nakamua, na mimi nikikamua sisikii mtu.

Ndivyo ilivyo. Kila kipimo cha umeme kikitoka kwenye mtambo kinazaliwa na cheti chake, kinachosema: huyu katoka kwenye maji. Umeme unashika njia yake, cheti kinashika yake. Umeme tunaumwaga kwenye gridi pamoja na wa watu wote. Vyeti vyetu hununuliwa na kiwanda cha biskuti huko Ujerumani. Mwenye cheti ndiye mwenye kusema. Biskuti zao ndizo zinazookwa kwa maporomoko yetu.

"Na mimi jibini napikia nini?"

"Mabaki, shemeji. Kilichobaki Ulaya nzima baada ya wenye pesa kuchagua. Kampuni yako ya umeme imekitangaza, kasome."

Akaenda zake anacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 9 Januari

Nimesoma. Wanalazimika kutangaza, na wametangaza kwa wino wazi kabisa. Umeme wa nyumba hii: makaa ya mawe, gesi, nyuklia, na maji kidogo kama chumvi kwenye uji. Nyuklia! Nchi hii haina hata mtambo mmoja wa umeme wa nyuklia. Nyuma ya banda langu mto mzima unaanguka usiku na mchana.

Jibini ningevumilia. Kilichonikata maini ni taa ya nje.

Sijaizima taa hiyo tangu siku ile. Januari iliyopita uji wa barafu uliziba chujio la bomba kule juu, mtambo ukaanza kukosa maji, Eivind akapanda na shoka kulisafisha. Ukingo ulimeguka. Mto ulimpeleka hadi kwenye fiodi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, na fiodi yetu haina mwisho kwenda chini. Walitafuta kwa boti, walitafuta kwa mbwa. Hawakumpata. Chujio walilikuta safi kabisa. Alikuwa amemaliza kazi.

Kwa hiyo taa ile nilijua ni yeye. Sikumwambia mtu, lakini nilijua. Maji aliyoyafungulia njia yanashuka, yanazungusha, yanawaka mlangoni kwangu. Mwaka mzima nimekuwa nikipita chini yake na kusema, haya, nimerudi.

Sasa naambiwa si yeye. Basi ni nani aliye pale nje?

Jumapili, 12 Januari

Mtu amekohoa.

Saa tisa mchana, giza limeshaingia. Jua letu limejificha nyuma ya mlima hadi mwezi ujao. Natoka bandani na ndoo, nasikia kikohozi chini ya taa. Kikavu, cha kifua kibovu, cha mtu anayejaribu kujizuia asisumbue wenyeji. Mbuzi waliacha kutafuna. Wote, kwa pamoja!

Hakuna mtu. Theluji ina nyayo zangu tu, za kwenda na za kurudi.

Maziwa niliyamwaga nusu.

Nimempigia Torgeir, nikamwambia kwa mzaha-mzaha. Akasema mbuzi hukohoa, shemeji, wewe ndiye mfugaji. Najua mbuzi wanavyokohoa! Mbuzi hawaombi radhi.

Jumatano, 15 Januari

Mchungaji alikuja. Nikampikia kaki nyembamba za kubanwa kwenye chuma cha moto, nikamkatia jibini. Anakula vizuri, namsifu kwa hilo. Kisha akafuta mdomo na kuyaleta aliyoyabeba: mwaka umetimia, si ingekuwa vyema tuweke jiwe pale kanisani? Jina tu na tarehe. Na kuna utaratibu mahakamani wa kumtangaza mtu, ili mambo yawe sawa.

"Kumtangaza nini?" nikamuuliza.

Akashika mkono wangu. Nikauondoa.

Kila mtu siku hizi anataka kutangaza. Nimempa jibini aende nayo. Maneno ya maporomoko nimeyapaka wino mweusi kwenye lebo zote. Kila kipande sasa kinaonekana kimefiwa.

Jumapili, 19 Januari

Kakohoa tena. Safari hii sikukimbia. Nimechoka kukimbizwa kwenye uwanja wangu mwenyewe. Nikasimama na ndoo yangu, nikamwambia: kaka, umekosea nyumba. Mwenye taa hii ni mume wangu.

Kikaja kikohozi, cha chini kidogo, kama cha mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

Nikaingia ndani na ndipo nilipomfikiria. Makaa ya mawe yanayowasha taa yangu hayajichimbi. Kuna mtu aliteremka shimoni na hakupanda. Kuna mwanamke, sijui nchi gani, naye ameacha taa. Na pengine ofisi yao imemwambia taa yake ni ya maji safi kutoka Norwe. Wamemchukua mume wake wakamleta kwangu, wangu wamempeleka kwenye tanuri la biskuti. Eivind hata biskuti hakuzipenda! Alisema ni mkate uliokata tamaa.

Nimelia. Nimelia kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua, kisha kwa ajili yangu, sikujua wapi lile liliisha hili likaanza.

Nimempelekea yule mtu kahawa nje. Nimeiweka kwenye kizingiti. Asubuhi kikombe kitakuwa jiwe la barafu na nitajiona mjinga.

Ijumaa, 24 Januari

Nimempigia Siv. Ndiye dalali wetu wa vyeti kule mjini. Tangu nijue habari hii nimempigia mara kadhaa, sauti nimeizoea; ana mtoto mchanga, humsikii vizuri kwa mtoto.

Nilitaka kumuuliza kama ninaweza kukirudisha kile tulichouza. Akasema kilichouzwa kimeuzwa. Lakini — nikasikia vidole vikigonga vitufe — kuna kimoja bado mnacho. Umeme wa Januari iliyopita. Vyeti vya mwezi mzima. Havikuuzwa kwa sababu hakuna aliyeweka sahihi.

Mwezi wake! Maji yake yenyewe!

Nikasema basi tunabaki navyo. Siv akasema, kwa upole, kuwa navyo hakutoshi. Ukitaka kusema umeme huu niliutumia mimi, ni lazima vifutwe kwa jina lako. Vikishafutwa ndiyo vimekuwa vyako, hakuna mwingine duniani atakayevidai. Na ni mpaka mwisho wa mwezi huu, kwa sababu cheti huishi mwaka mmoja. Tusipofanya chochote vinakufa vyenyewe, na umeme ule unaingia kwenye mabaki.

Nimekaa na haya tangu mchana. Nikimuuza, anakwenda kwenye biskuti. Nikimwacha, anakwenda kulala na makaa ya watu. Nikimtaka, nimfute.

Nani alitunga kitu hiki? Alikuwa amefiwa?

Na Torgeir lazima akubali. Nusu ni yake.

Jumatatu, 27 Januari

Tumegombana. Vibaya.

Nilidhani atasema ndiyo. Nilitoa hata nyama ya kondoo iliyokaushwa, ile nzuri. Nikamweleza yote ya Siv. Akasikiliza akizungusha kikombe.

"Uza," akasema.

"Torgeir—"

"Uza, shemeji! Wapelekee Wajerumani. Iende hiyo Januari! Siutaki mwezi ule hapa mlimani."

Nikamwambia hana moyo. Nikamwambia kaka yake angekuwa mahali pake, asingemuuza. Hilo sikupaswa kulisema, lakini lilishatoka.

Akasimama. Torgeir ni mrefu, hugonga kichwa kwenye boriti ile ile kila siku, leo aliikwepa. "Nani anapanda kule juu sasa?" akasema. "Nani anavunja barafu? Nakanyaga pale pale alipokanyaga. Kila wiki! Wewe una taa yako unaongea nayo — unadhani sijui? Mimi nina nini? Nina shoka lake."

Mwaka mzima sikuwahi kujiuliza nani anapanda. Umeme ulikuwepo tu.

Ametoka na kikombe changu mkononi. Nimemwona akivuka daraja nacho. Nilikuwa na hasira, kisha nikaona aibu, na aibu ndiyo iliyobaki.

Chini ya taa leo hakuna kikohozi. Afadhali angekohoa.

Alhamisi, 30 Januari

Torgeir amekuja asubuhi. Ameosha kikombe, amekiweka mezani, hakukaa. Anatoka juu, barafu kwenye ndevu.

"Mpigie," amesema.

"Tumwambie nini?"

"Mpigie tu. Nitajua nikisikia."

Tumepiga. Nimeiweka simu katikati ya meza, sauti wazi. Siv alifurahi — kesho ndiyo mwisho, alikuwa na wasiwasi nasi. Akauliza tunauza au tunafuta. Nikamtazama Torgeir. Torgeir akaitazama sufuria ya jibini.

"Kufuta," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Sikumkumbatia. Siv akasema sawa, basi mtumiaji ni nani? Nikasema, taa ya nje. Akacheka, akasema taa haikubaliki, lazima iwe kampuni au mtu. Nilifungua mdomo nitaje jina langu. Torgeir akaniwahi:

"Eivind."

Vidole vikagonga. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza. Ee, nimemwona, akasema Siv, mteja wa umeme wa hapo ni yeye. Ni kweli. Sijabadilisha. Kila mwezi kampuni inamwita kwa jina nami nalipa kimya kimya. Siv hajui lolote, yuko kazini tangu vuli tu.

"Basi mwenyewe anithibitishie kwa mdomo, maana narekodi. Yupo karibu?"

Yupo karibu!

Sufuria ya jibini inachemka polepole, inatoa vipovu. Nilijua la kusema. Ni maneno mawili, mchungaji ameyangoja mwaka mzima, mahakama inayo fomu yake. Badala yake nikachukua mwiko nikakoroga.

Torgeir akainama juu ya simu.

"Eivind hapa," akasema.

Nimeshika meza. Ni sauti ya mume wangu! Wote wawili waliichukua kwa mama yao, na kwenye simu hata mimi mkewe nilikuwa nawachanganya. Mwaka mzima Torgeir amekuwa akiongea mbele yangu na sikuisikia, kwa sababu nilikuwa namtazama.

Siv akamwamkia vizuri. Habari za asubuhi, Eivind. Akamsomea taratibu: vyeti vyote vya Januari, maporomoko hayo, mtambo huo. Vikishafutwa havirudi, hata mkijuta. Je, unakubali vifutwe?

Torgeir hajajibu. Mdomo wake uko wazi karibu na simu, barafu ya ndevu inadondoka mezani. Siv akasema hakuna haraka, fikirini kidogo, ametuwekea muziki. Ndiyo maana naandika, mikono inataka pa kwenda. Torgeir ananinong'oneza: niseme ndiyo? Niseme? Machozi yanamtoka na hayafuti.

Muziki umekatika.

"Eivind?" anaita Siv. "Bado upo?"

Torgeir ananingoja mimi.