Wakate Kano ya Mbele au ya Nyuma?

Mbeya, Jumatatu jioni, Julai 1978

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umekaa juu ya mlima tangu asubuhi wala hauna haraka ya kuondoka, na hapa wodini tumejifunika mablanketi mpaka puani kama magunia ya viazi. Moyo wangu nao mzito vivyo hivyo. Nimelia leo, na ninaandika hivyo bila kuona haya.

Sababu ni hili goti la kulia. Niliumia Iringa nikiichezea netiboli timu ya walimu. Niliruka, nikadaka mpira, nikatua vibaya, goti likalia ko! mpaka waliokaa pembeni wakasikia. Tangu siku ile nikigeuka ghafla linaniachia, na nimeshaanguka mbele ya wanafunzi wangu zaidi ya mara moja. Daktari wa upasuaji anasema kano ya ndani, ile inayofunga mfupa wa paja na mfupa wa chini yake, imekatika na haishoneki. Lazima atoe kano nyingine mwilini mwangu aipachike pale.

Yaani nijiibie mwenyewe. Swali ni niibe wapi.

Juzi alipandisha suruali akanionyesha kwenye goti lake mwenyewe. Anaweza kukata ukanda wa kano ya mbele, ile inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti. Hiyo ndiyo imara kuliko zote, na yeye ameizoea. Au achukue kano nyembamba za nyuma ya paja, ila kazi hiyo ameifanya mara chache, na anahofu zinaweza kulegea baadaye. Au akate ukanda mpana wa pembeni mwa paja, unaoacha kovu refu, na huo hauamini sana. Nikamwambia kovu silijali, nani atalitazama? Hakucheka. Anajua mimi ni mjane.

Akaniuliza goti hili nataka linifanyie kazi gani. Nikajibu mbio mbio: kufundisha, kulima, na netiboli. Basi tuchukue ya mbele, akasema. Nikaitikia, nikalala usingizi mzuri.

Kuna kazi moja sikuitaja. Wala haikunijia akilini kwamba nayo ni kazi.

Leo mchana amefika mama mkwe wangu. Anaishi Ilula, anauza nyanya kando ya barabara kuu. Aliondoka jana, akalala Igawa kwa ndugu yake, leo akamalizia safari kwa basi, akaingia na kikapu chake cha nyanya kichwani. Nilipomwona mlangoni sikufikiri mara mbili. Niliteremka kitandani, nikashika chuma cha kitanda, nikapiga magoti kwenye saruji, nikainamisha kichwa.

"Kamwene, mama."

Ndiyo salamu yetu. Mwanamke wa kwetu hamsalimii mkwewe amesimama kama mlingoti. Goti liliniuma nikang'ata meno.

"Mwalimu! Unafanya nini?" Daktari alikuwa kitanda cha jirani. Yeye na muuguzi wakaninyanyua, kisha daktari akavuta kiti akaketi. Akauliza kama huwa napiga magoti hivyo kila siku. Nikamwambia kila nikimwona mama, na kila mzee njiani, na kanisani, na wakati wa palizi.

"Hili hukuniambia," alisema taratibu.

Ndipo akanieleza. Akikata kano ya mbele nitakimbia na kuruka, lakini pale atakapokata ndipo mtu anapoegemea akipiga magoti. Wengi huumia, wengine maisha yao yote. Kwa kano za nyuma nitapiga magoti bila shida kubwa, ila hawezi kuniahidi netiboli. Nifikirie, kesho asubuhi nimpe jibu.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu, sasa shida iko wapi? Achukue hiyo yenye nguvu. Kuanzia leo usinipigie tena magoti. Nisalimie umesimama, imetosha."

Wagonjwa wenzangu wakamsifu, jamani mkwe gani mwenye huruma namna hii! Mimi nikageukia ukutani, machozi yakanitoka.

Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee. Alifariki kabla hatujajaliwa mtoto. Ningerudi kwetu Nyololo hakuna ambaye angenilaumu, na wapo waliosema wazi kwamba yule mwalimu ataolewa tu. Lakini kila likizo nashuka Ilula, napiga magoti mbele ya nyanya zake, abiria wakichungulia madirishani, naye ananiwekea mkono kichwani na kuwatangazia majirani, "Mkwe wangu amekuja!" Nikiri ukweli, nilikuwa nanung'unika. Vumbi lote lile, gauni langu safi, mwalimu mzima!

Loo, leo nimeambiwa niache ndipo nimejua. Mwana hayupo, mjukuu hayupo. Kilichobaki kati yangu na mama yule ni magoti yangu na mkono wake. Aliposema nisimame, mimi nilisikia niende zangu.

Jioni, alipokuwa akinikatia nyanya na chumvi, nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Mama, unanifukuza?"

Kisu kikasimama.

"Nani kakufukuza? Wewe bado msichana. Nilidhani umechoka, unapiga magoti kwa sababu ya watu tu. Nikasema nikufungulie mlango mwenyewe, usije ukaondoka kwa kujificha."

Kumbe na yeye alikuwa anaogopa, tangu msiba. Kila basi likisimama Ilula alikuwa akijiuliza kama safari hii nitashuka. Nikamwambia sijachoka. Akajifuta macho kwa khanga, nami nikajifuta kwa shuka la hospitali, na muuguzi akatuletea chai bila kuuliza kitu.

Sasa ameenda kupumzika kwa Mkristo mwenzetu hapa mjini, nami nimebaki na goti langu.

Sitajidanganya, netiboli naipenda. Nikiwa hewani na mpira mikononi ndipo husahau kwamba nimefiwa. Kuiacha kutaniuma kweli kweli, na pengine nitakaa pembeni ya uwanja nikiwaonea wivu wasichana wenye magoti mazima. Na daktari alivyosema, hata hizo za nyuma zaweza kulegea, nikabaki na mkongojo na bila mpira. Naogopa. Nimemwomba Mungu, naye amekaa kimya kama kawaida yake.

Hata hivyo asubuhi daktari akija nitamwambia akate nyuma. Timu ya walimu itapata mchezaji mwingine. Mama yule hana mkwe mwingine.